Toroli la Kokoto

Pale Dobrolin, mji mdogo wa Poland, ukitaka kumtukana mtu bila kufungua mdomo, nenda kasimame mbele ya kaburi la mama yake, tazama jani kavu lililoangukia juu yake, kisha tikisa kichwa. Kabla ya jioni mji mzima utakuwa umejua kwamba fulani ni mvivu asiye na adabu kwa wafu wake. Ndiyo maana kila mwisho wa Oktoba, Sikukuu ya Watakatifu Wote ikikaribia, watu husugua makaburi kwa sabuni na maji ya moto, huku wakitazamana kwa pembe ya jicho kuona nani kang'arisha zaidi.

Katika mashindano hayo, Honorata Wilk hakuwahi kushika nafasi ya pili.

Alikuwa na miaka sitini na minane, mfupi, mwenye mikono minene, na alikuwa amepika katika shule ya mji kwa miaka thelathini na mmoja. Watoto waliokula supu yake nyekundu ya bitiruti wakiwa na meno ya maziwa sasa wana vipara, na bado wakikutana naye barabarani huficha sigara mgongoni. Kila mtu alimwita Shangazi. Hata padri.

Kaka yake, Zenon, seremala asiyependa maneno, aliishi naye nyumba moja, na upande wa pili wa ua wao palikuwa na makaburi ya Wayahudi. Kabla ya vita nusu ya Dobrolin ilikuwa Wayahudi: mafundi viatu, waoka mikate, wauza vioo. Katika vuli ya mwaka 1942 Wajerumani waliwapakia kwenye mabehewa kwa siku tatu, wakawapeleka Treblinka, wakawaua. Mji ukabaki na nyumba nyingi na watu wachache. Makaburini wakawa wanalisha mbuzi, mpaka siku Zenon, bila kutumwa na yeyote, alipopigilia ua wa mbao, akatundika geti na kufuli. Alipoulizwa kwa nini, alijibu neno moja: "Majirani."

Miaka arobaini ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Mwezi wa Februari, akiwa kitandani, pumzi ikimwishia, alimkabidhi dada yake.

"Geti lisishike kutu," alisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya maana. Baada ya hapo aliomba chai tu.

Sasa, geti halishiki kutu likifunguliwa. Na kilichokuwa kikilifungua kuliko kitu kingine chochote ni kambi ya Julai. Kila mwaka, kwa siku kumi na mbili, vijana kutoka Ujerumani na Israeli walifika Dobrolin, wakafyeka nyasi, wakasafisha mabamba ya mawe yaliyosimama juu ya makaburi, wakanakili majina, na kujifunza nini kiliwapata wenye majina hayo na ndugu zao. Honorata aliwapikia tangu mwaka wa kwanza. Lakini makaburini kwenyewe hakuwahi kuingia. Kule kulikuwa kwa Zenon. Kwake kulikuwa kwenye masufuria. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

*

Mwezi wa Juni, Mwalimu Ludwika, anayefundisha historia na kuiendesha kambi hiyo, aliingia jikoni kwa Honorata na barua mkononi na uso kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki.

"Shangazi, wafadhili wameandika. Wanasema kambi ni ya vijana wa nchi tatu. Ujerumani wanakuja, Israeli wanakuja. Wa hapa, miaka mitatu, sifuri."

"Sasa?"

"Tusipopata sita mwaka huu, mwakani wanaihamishia mji mwingine."

Honorata aliweka mwiko chini. Alilisikia geti likilia kwa kutu, ingawa lilikuwa kimya. "Sita tu? Mimi nimelisha mia tatu kwa siku!"

"Kulisha ni jambo jingine. Nimebandika matangazo kila nguzo."

"Yanasemaje?"

"'Warsha ya kimataifa ya elimu ya kumbukumbu kwa vijana.'"

"Yesu na Maria!" alisema Honorata. "Hata mimi ningekimbia."

Watu husema vijana wa siku hizi hawajali yaliyopita. Huo ni uongo wa watu wazima wanaoandika matangazo mabaya. Honorata hakuuamini. Siku hiyo hiyo alimvizia dukani Borys, nahodha wa timu ya mpira ya mji, kijana wa miaka kumi na saba mwenye miguu mirefu na kauli fupi.

"Borys, mwanangu, Julai njoo kambini."

"Ile ya makaburi? Ile ni ya wageni, Shangazi."

"Wageni wa nani? Wako kwetu!"

"Kila mwaka basi linapita, wanatupungia mikono dirishani, basi. Hakuna aliyewahi kutuambia tunahitajika. Halafu tuna mazoezi, Septemba tunacheza na Karczyn."

"Karczyn watawafunga sita."

"Shangazi!"

"Saba, ukinijibu tena."

Lakini hakupata hata mmoja, si kwa vitisho wala kwa keki. Wiki moja kabla ya basi kufika, akiwa amekata tamaa, alijiambia: kama hii ndiyo kambi ya mwisho, basi angalau wageni wakute mahali panang'aa. Akachukua ndoo, fagio, brashi laini na toroli la marehemu kaka yake, akalifungua geti.

Alishtuka. Nyasi hazikuwa ndefu, na mabamba, yapata mia moja na arobaini, yalisimama vizuri kwenye kivuli. Lakini juu ya baadhi yake, kumi na moja, kulikuwa na kokoto! Vijiwe vimerundikwa kama mtoto alivyovichezea: vyeupe, vya kijivu, kipande cha kigae cha buluu. Kwenye kaburi la mtu!

"Maskini Zenon," alinong'ona. "Macho yalikuwa yamemwishia, na mimi sikujua."

Akapiga ishara ya msalaba kumwombea kaka yake msamaha, akaanza kazi. Alifagia bamba moja moja, akasugua, akasuuza, akapangusa kwa taulo la jikoni. Kufikia saa tisa alasiri toroli lilikuwa limejaa kokoto, na mabamba yote yalikuwa safi hata nzi angeteleza.

Kokoto azitupe wapi? Honorata si mtu wa kutupa. Mbele ya chumba cha kubadilishia nguo pale uwanja wa mpira palikuwa na dimbwi la tope ambalo halmashauri iliahidi kulifukia tangu Borys hajaanza kutembea. Akasukuma toroli hadi pale, akamimina.

Borys akatoka nje, viatu mkononi. "Shangazi! Mungu akupe miaka mia! Sasa hatutaingia uwanjani kama nguruwe."

"Ona sasa. Mimi nawasaidia, nyinyi hamnisaidii."

"Ukihitaji kitu cha maana, sema."

"Nitasema," alijibu Honorata, akarudi nyumbani akiimba.

*

Basi lilifika Alhamisi. Wakashuka vijana ishirini na mmoja, na wa kwanza kumkimbilia Honorata alikuwa msichana mwenye nywele za kusokotana kama springi za kitanda. Jina lake Tirza, anatoka Haifa.

"Vaa kofia, utapata baridi!" alimwambia Honorata kwa Kipolandi, jua likiwaka.

Honorata akakodoa macho.

"Samahani," alicheka Tirza. "Kipolandi changu ni cha jikoni. Genia, mama wa bibi yangu, alizaliwa hapa Dobrolin. Alikufa juzi juzi tu, miaka tisini na miwili. Nilichojifunza kwake ni kukaripiwa na kulishwa. Kula, umekonda kama ufagio! Usiguse kwa mikono michafu! Unaona? Najua sana."

"Hayo yanatosha kuishi hapa," alisema Honorata. "Maneno mengine hayana kazi."

Ijumaa mchana, baada ya sahani za pierogi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, alitembea mbele ya msafara na ufunguo mkononi. Alifungua geti kama mtu anayefunua sufuria mbele ya wageni.

Wakaingia. Tirza alikwenda moja kwa moja hadi bamba la safu ya tatu, simu mkononi, akitazama picha, akitazama bamba, akitazama tena picha.

"Huyu ni Perla," alisema. "Mama yake Genia alipewa jina lake. Ni... ni safi sana."

"Asante!" alisema Honorata.

"Lakini kokoto ziko wapi? Kaka yangu alikuja miaka miwili iliyopita. Aliacha jiwe jeupe, limeandikwa jina la Genia."

"Takataka zile? Usijali, nilifagia zote! Toroli zima!" Akasimama akisubiri sifa.

Mwalimu Ludwika alijifunika uso kwa mikono miwili.

Aliyemweleza ni Lennart, kijana wa Kijerumani mrefu mwenye miwani, aliyekuja kambini mara ya tatu na kujifunza Kipolandi kwa ukaidi, neno kwa neno. "Shangazi," alisema polepole, "kwa Wayahudi, ukitembelea kaburi huachi maua. Huachi mshumaa. Unaacha jiwe. Jiwe maana yake: nilikuja. Bado unakumbukwa."

Honorata alitazama fagio aliloliegemeza kwenye ua. Kisha akakaa chini, palepale kwenye nyasi, na sketi yake ya Jumapili.

"Kwa hiyo," alisema, "nimefagia wageni wa watu."

Akaanza kupangusa sketi, kisha akaacha.

"Wametoka ng'ambo ya bahari, wamekuja kupiga hodi, na mimi nimewafagia. Zenon, utanilaani."

Ndipo Tirza alipotoa sauti. Honorata alidhani analia. Akainua macho. Msichana alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

"Genia!" alisema kwa shida. "Ukiweka kikombe mezani kwake, kabla hujameza alikuwa ameshakiosha! Mama alikuwa akisema ni ugonjwa wake. Kumbe si ugonjwa. Ni mji!"

Wote wakaanza kucheka, hata Ludwika, na Honorata akacheka huku machozi yakimtoka, mpaka Tirza akajipangusa macho na kuuliza: "Toroli ulilimwaga wapi?"

Kicheko cha Honorata kikakatika.

*

Timu ilikuwa mazoezini. Wachezaji kumi na mmoja na wa akiba walikuwa wamesimama mbele ya chumba chao wakinywa maji, pale walipomwona Shangazi akija mbio, sketi mkononi, na nyuma yake vijana ishirini na mmoja wa mataifa mawili.

"Karczyn wameleta mashabiki?" aliuliza golikipa.

"Shukeni hapo!" alipiga kelele Honorata. "Mnakanyaga makaburi ya watu!"

Borys aliruka kama aliyekanyaga nyoka. Wenzake wakaruka naye. "Makaburi? Hapa?"

"Si makaburi! Kokoto! Kokoto za makaburi!"

Ikachukua dakika kumi, Honorata akieleza, Lennart akisahihisha, Tirza akiongeza maneno ya jikoni. Borys alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama dimbwi, lililokuwa limenyeshewa mara mbili na kukanyagwa wiki nzima, kisha akatazama njumu zake.

"Kwa hiyo tumekuwa tukifutia viatu juu ya salamu za watu."

"Ulisema nikihitaji kitu cha maana niseme," alisema Honorata. "Basi nasema. Nawahitaji."

Borys aligeuka. "Mmesikia? Mazoezi yamekwisha. Leteni reki."

"Kocha je?"

"Kocha naye alete reki."

Basi wakaanza kuchimba. Honorata alileta ndoo, chujio lake kubwa la tambi na sufuria la supu la shule lenye lita hamsini. Udongo wa uwanja ule ni mweusi, hauna mawe, kwa hiyo kila kijiwe kilichotoka kilikuwa cha makaburini, hapakuwa na ubishi. Waliopiga magoti waliokota, waliosimama walichuja, wengine wakasuuza. Wasichana wawili wa timu ya wavu waliokuwa wakipita wakauliza nini kimepotea, na baada ya dakika tano na wao walikuwa na tope hadi viwikoni. Golikipa na Lennart walibishana kwa Kiingereza kibovu ligi ya nani ni bora. Kigae cha buluu kilipatikana. Kisha Borys akasimama, mkono juu kama refa.

"Hili lina maandishi."

Jiwe jeupe, laini, la ufukwe wa Haifa. Wino ulikuwa umefifia, lakini herufi zilibaki. Tirza alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu, tope na yote.

"Usiguse kwa mikono michafu," alimwambia Borys kwa Kipolandi cha Genia.

*

Borys alikuwa ameishi miaka kumi na saba hatua mia tatu kutoka geti lile, na hakuwahi kulivuka. Mlangoni Tirza aliwaomba wavulana wafunike vichwa. Wengine walikuwa na kofia. Golikipa alijifunga soksi kichwani.

"Ni safi?" aliuliza Honorata kwa ukali.

"Ya kushoto ndiyo safi, Shangazi."

"Na hiyo?"

"Ya kushoto."

Lennart alikuwa na picha za mwaka jana kwenye simu, bamba kwa bamba, na kwa kuzifuata wakarudisha kokoto moja moja kwenye makaburi kumi na moja. Kazi ikaisha. Sufuria likabaki tupu. Borys akasimama katikati, akizungusha macho juu ya mabamba yale mengine mia moja na zaidi, safi, matupu.

"Na haya? Mbona haya hayakuwa na kitu?"

Vijana wa Israeli walitazamana. Tirza ndiye aliyejibu, taratibu, akitafuta maneno ambayo jiko halikumfundisha.

"Wale kumi na moja, mtu wao mmoja alipona. Akazaa. Watoto wanakuja. Hawa wengine... hakuna aliyebaki wa kuja."

Lennart alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Baba wa babu yangu alivaa sare ya Wajerumani wale," alisema. "Nyumbani hatujui alikuwa wapi mwaka ule wa 1942. Hakusema. Ndiyo maana mimi nakuja."

Borys alimgeukia. Honorata aliogopa atasema neno la kukata. Lakini kijana yule wa kauli fupi alikohoa tu, akaonyesha kidole ng'ambo ya ua.

"Nyuma ya goli la kaskazini kuna mto," alisema. "Umejaa mawe. Wao walikuwa watu wa hapa. Basi wapate ya hapa."

Walikwenda mbio, timu nzima, na Wajerumani, na Waisraeli, wakarudi na mifuko ya jezi imejaa mawe ya mto yanayodondosha maji. Tirza akawazuia getini, mikono kiunoni, Genia mwenyewe.

"Husomi, huweki! Hakuna jiwe bila jina. Kutoka kulia kwenda kushoto. Njoo wewe mrefu."

Borys alichuchumaa mbele ya bamba, kidole kikipapasa herufi zilizochongwa. Tirza akamtajia moja moja, naye akazirudia, akakosea, akachekwa na timu yake, akawaonyesha ngumi, akarudia. "Shi... mon. Shimon. Shimon, mwana wa Lejb." Akaweka jiwe. "Shimon," akasema tena, kama anayeita mtu wa mtaa wa pili. "Kumbe si ngumu."

Honorata naye alipewa jiwe. Bamba lake lilichongwa kinara cha mishumaa juu ya jina.

"Kwa nini mishumaa?"

"Ni mwanamke," alisema Lennart. "Wanawake ndio huwasha mishumaa ya Sabato."

"Kumbe na nyinyi mna mishumaa!" alisema Honorata, na kwa sababu alikuwa mtu wa haki, alisoma herufi zote sita kabla ya kuweka jiwe lake. Ilimchukua robo saa. Jina lilikuwa Frumet.

Mwalimu Ludwika alikuwa amesimama kando kwa muda wote huo, asijue acheke au alie. Ghafla akakumbuka kitu, akaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa fomu sita zilizokunjamana.

"Borys," alisema kwa woga, "hizi... kama mngependa..."

"Tusaini wapi?"

Fomu sita hazikutosha. Zilihitajika kumi na sita, ikabidi Ludwika arudi mbio shuleni kuchapa nyingine. Kocha pia alitaka kusaini. Akaambiwa ana miaka hamsini na mbili, akanuna mpaka Honorata alipomfariji kwa sahani ya pierogi.

*

Mwezi wa Septemba timu ilifungwa na Karczyn mabao manne. "Nilisema saba," alisema Shangazi, "kwa hiyo mmejitahidi." Oktoba barua ilikuja: kambi inabaki Dobrolin. Na mji wa kina Lennart, uliokuwa na Wayahudi wake na majina yake yasiyosomwa na mtu, ukawaalika vijana wa Dobrolin majira ya kuchipua, waje wasaidie kuyatafuta. Borys alikuwa ameshaanza kuandika herufi za Kiebrania kwa kidole kwenye vioo vyenye ukungu vya kituo cha basi, kutoka kulia kwenda kushoto.

Siku ya Watakatifu Wote Honorata alikwenda kwenye makaburi ya Wakatoliki na mishumaa yake na maua yake makubwa ya njano, tayari kwa mashindano. Kaburi la Zenon alikuwa amelisugua mara mbili tangu Jumatatu. Alipofika alisimama.

Juu ya marumaru inayong'aa, zimepangwa vibaya vibaya kama timu isiyo na beki, kulikuwa na kokoto kumi na sita za mtoni.

Jirani wa kaburi la pili, Bi Teodozja, mshindani wake wa miaka ishirini, alikuwa ameshaziona. Akaja na fagio lake dogo na tabasamu kubwa zaidi.

"Honorata, maskini, tazama! Watoto wamechezea kaburi la kaka yako. Ngoja nikufagilie."

Honorata aliweka maua chini polepole, akakunja mikono ya koti.

"Teodozja," alisema, "gusa uone."